Kupendwa kazini si kujikomba

Leo nataka tuzungumze habari ya kupendwa. Sisemi kupendwa kwa vijana wanaoandikiana barua, la hasha. Nasema kupendwa kazini: kupendwa na mwenzako wa meza ya pili, na fundi wa zamu ya usiku, na mkuu wa idara, hata na mlinzi wa getini. Je, jambo hilo lina uzito wowote katika kupandishwa cheo, kuongezwa mshahara au kubaki kazini? Au ni porojo za watu wasioijua kazi?

Nitaanza na kisa nilichokishuhudia mwenyewe. Wengi wenu mnaikumbuka miaka ya 1990, wakati serikali na mashirika ya umma yalipokuwa yakipunguza wafanyakazi kwa maelfu. Katika ofisi moja jijini Dar es Salaam, ambayo sitaitaja, masijala ilikuwa na makarani wawili. Wa kwanza alikuwa bingwa. Ukimtajia barua ya miaka saba iliyopita, alikwambia iko katika jalada gani, na nani aliyelichukua mara ya mwisho. Walakini kumwendea kulihitaji moyo. Ukimwuliza jambo, alikutazama kutoka juu hadi chini, akavuta pumzi, kisha akakuuliza kwa sauti iliyosikika chumba kizima: "Hata hili hulijui?"

Karani wa pili alikuwa mtu wa kawaida. Mara nyingine alisahau, mara nyingine alichelewesha majalada. Lakini kila asubuhi aliwajulia watu hali, na ukimwuliza jambo asilolijua alisema, "Ngoja, tulitafute wote."

Ikaja amri kwamba masijala ibaki na karani mmoja. Mkuu wa idara akawaita wakuu wa vitengo, akawauliza abaki nani. Hakuna aliyesema kuwa yule bingwa haijui kazi. Kila mmoja alisema, "Yule bwana ni hodari, lakini..." Na hiyo "lakini" ndiyo iliyomtoa. Bingwa akapewa barua yake, wa kawaida akabaki. Haikupita miezi miwili, majalada yakaanza kupotea. Yule aliyebaki akawa anapanda basi jioni kwenda nyumbani kwa mwenzake aliyepunguzwa, kumwuliza barua fulani iko wapi.

Sasa tujiulize, ndugu msikilizaji, katika kisa hiki nani aliyeshinda? Bingwa alipoteza kibarua chake. Ofisi ilipoteza kumbukumbu zake. Aliyebaki alipata mshahara, lakini alipata na mzigo asioweza kuubeba. Hasara hii yote ilitokana na jambo ambalo halikuandikwa katika barua ya mtu yeyote, yaani nani anapendwa na nani hapendwi.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Watu wengi hodari wameshikilia methali hiyo kama ngao. Husema, "Mimi nafanya kazi yangu vizuri, mengine hayanihusu." Methali ni ya kweli sokoni, ambako mnunuzi analiona embe na kulibonyeza. Kazini mambo ni tofauti kidogo. Ujuzi wa mtu umo kichwani mwake, na mwenzake hawezi kuufikia mpaka kwanza apite mlangoni. Mlango wenyewe ni uso wa mtu na ulimi wake.

Jambo hili limefanyiwa uchunguzi na wataalamu. Mwaka 2005 wataalamu wawili waliokuwa wakifundisha vyuo vikuu vya Marekani, Tiziana Casciaro na Miguel Sousa Lobo, walitoa matokeo ya utafiti wao kuhusu jinsi watu wanavyochagua wenzao wa kushirikiana nao kazini. Waliwagawa wafanyakazi katika mafungu manne: hodari anayependwa, hodari asiyependwa, asiye hodari lakini anapendwa, na yule asiyekuwa na hili wala lile. Hodari anayependwa anatakiwa na kila mtu, na wa mwisho hatakiwi na yeyote. Hayo hayana mjadala. Mjadala uko kwa wale wawili wa katikati.

Watu walipoulizwa kwa maneno, walisema ujuzi ndio wa kwanza. Lakini wataalamu hao walipotazama nani hasa anayeendewa kazi inapomlemea mtu, waliona mambo mengine. Mtu asipopendwa, ujuzi wake haukuwa na faida kubwa kwa wenzake, kwa kuwa hawakumwendea. Bali mtu akipendwa, wenzake walimwendea kuchota hata ule ujuzi mdogo aliokuwa nao. Kwa maneno mengine, mdomoni tunasema "hodari", lakini miguu inatupeleka kwa "mwema".

Kwa nini iwe hivyo? Sababu ya kwanza ni nyepesi. Kuuliza si ujinga, lakini kila anayeuliza anajisikia mjinga kidogo. Anayeuliza amekiri kwamba hajui. Basi humtafuta yule ambaye hatamwaibisha. Akishaaibishwa mara moja, mara ya pili ataona heri akosee peke yake kuliko kuulizia mbele ya watu. Ndivyo makosa madogo yanavyokua makubwa katika ofisi na viwanda vyetu. Kijana wa zamu anasikia mashine inalia vibaya, lakini anaogopa kumwamsha fundi mkuu kwa sababu ya ukali wake. Asubuhi mashine imekufa.

Sababu ya pili iko katika namna sisi binadamu tunavyopima wenzetu. Mwaka 1920 mtaalamu wa Marekani, Edward Thorndike, alichunguza jinsi maafisa wa jeshi walivyowapa alama watu waliokuwa chini yao. Walitakiwa kupima kila sifa peke yake: akili, umbo, uongozi, tabia. Alikuta alama hizo zinafuatana mno. Aliyeonekana mzuri katika sifa moja alipewa alama nzuri katika nyingine zote, na aliyeonekana mbaya hali kadhalika. Yaani jicho likishapenda huona uzuri mpaka pasipo na uzuri.

Kisha mwaka 1946 mtaalamu mwingine, Solomon Asch, aliwasomea watu orodha ya sifa za mtu wasiyemjua: ana akili, ana ujuzi, ni mchapakazi, na kadhalika. Orodha zilikuwa mbili, zikafanana kila neno isipokuwa moja. Katika ya kwanza mtu huyo alitajwa kuwa mkunjufu, katika ya pili alitajwa kuwa mkavu wa moyo. Neno hilo moja lilitosha kuwafanya wasikilizaji wachore picha za watu wawili mbalimbali kabisa. Akili ile ile, kwa mkunjufu ilionekana baraka. Kwa mkavu ilionekana hila.

Tena si suala la vyeo tu. Mwaka 1997 daktari Wendy Levinson na wenzake, huko huko Marekani, walitoa matokeo ya kurekodi mazungumzo ya madaktari na wagonjwa wao. Waliwalinganisha madaktari ambao hawajapata kushtakiwa na wale waliokwisha kulalamikiwa kwa madai ya uzembe. Kwa madaktari wanaotibu maradhi ya kawaida, wale wasioshtakiwa walikaa na mgonjwa kwa wastani wa dakika 18 na kidogo, na wenzao dakika 15. Walimweleza mgonjwa watakachofanya kabla ya kukifanya, walimwuliza maoni yake, na walicheka naye zaidi. Kwa wapasuaji tofauti hizo hazikuonekana, na ni haki tuliseme hilo. Hata hivyo tazameni, ni dakika tatu na maneno machache tu.

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya Marekani peke yake. Hapa kwetu tunayo historia. Mwaka 1971 chama cha TANU kilitoa Mwongozo, na kifungu chake cha 15 kiliwakataza viongozi majivuno, dharau na ukandamizaji. Wafanyakazi walikisoma kifungu hicho wakakielewa vizuri sana. Katika miaka miwili iliyofuata migomo ilizuka katika viwanda kadha wa kadha, hasa Dar es Salaam, na mahali pengine wafanyakazi waliwafungia mameneja nje ya lango. Malalamiko hayakuwa ya mshahara peke yake. Yalikuwa ya matusi, ubabe na dharau. Walikuwamo mameneja waliokuwa na shahada na ujuzi wa kutosha, wakajikuta wamesimama barabarani wakiutazama moshi wa kiwanda kwa mbali.

Mpaka hapa, ndugu msikilizaji, pengine unasema, "Basi nimeelewa. Kuanzia Jumatatu nitamchekea kila mtu, nitamkubalia kila mtu, nami nitapanda cheo." Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo, maana dawa hii ikizidi kipimo huwa sumu.

Mwaka 2012 wataalamu Timothy Judge, Beth Livingston na Charlice Hurst walichapisha uchunguzi uliolinganisha tabia za watu na mishahara yao. Walikuta kwamba watu wapole, wepesi wa kukubali kila jambo, walipata mshahara mdogo kuliko wenzao walio wagumu kidogo. Na tofauti hiyo ilikuwa kubwa zaidi kwa wanaume. Wagumu hao hawakuwa watukanaji. Ni watu waliokuwa tayari kubishana kwa hoja, kushikilia msimamo na kudai haki yao.

Jambo hili tunaliona kila siku. Katika kila ofisi yuko ndugu mmoja ambaye hajui kusema hapana. Kazi ya Ijumaa jioni anapewa yeye. Mwenzake akiwa na harusi, zamu anashika yeye. Anapendwa kweli kweli, na watu humsifu, "Bwana huyu hana neno." Siku ya kugawa vyeo, mkubwa anasema, "Tukimpandisha huyu, kazi hizi atafanya nani?" Wengine husema, "Mpole mno, ataweza kuongoza watu?" Mwenyewe hadai nyongeza ya mshahara, kwa kuogopa kuonekana mlalamishi. Anastaafu na zawadi ya saa ya ukutani na hotuba nzuri.

Kwa dada zetu mtego huu una meno mawili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia, Frank Flynn, aliwapa wanafunzi wake kisa cha kweli cha mwanamke mfanyabiashara, Heidi Roizen, aliyefanikiwa sana katika biashara ya kompyuta. Nusu ya wanafunzi walipewa kisa chenye jina la Heidi. Nusu nyingine walipewa kisa kile kile, ila jina lilibadilishwa kuwa Howard, la mwanamume. Wote walikubali kwamba mtu huyo ni hodari. Lakini Howard walimpenda, na Heidi wakamwona mtu wa kujitafutia makuu, wasiyependa kufanya naye kazi. Matendo yalikuwa yale yale, ila jina tu ndilo lililobadilika.

Haya, na sisi tujitazame. Meneja mwanamume akigonga meza tunasema, "Mzee ana msimamo." Meneja mwanamke akigonga meza hiyo hiyo tunasema, "Mama huyu mkali, sijui nyumbani wanamwezaje." Akiwa mpole tunasema hana uwezo wa kuongoza, akiwa imara tunasema anaringa. Kumwambia dada huyo ajitahidi kupendwa ni kumwambia ajaze maji katika gunia. Kasoro hapa iko kwetu sisi tunaopima, wala haiko kwake.

Kwa hiyo lazima tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya, kupendwa na kujikomba. Anayejikomba hutazama juu tu. Humbebea mkubwa mkoba, humchekea utani usiochekesha, na humpelekea majungu ya wenzake. Lakini tarishi akimwamkia, haitikii. Mtu huyo hapendwi, anatumiwa. Siku mkubwa akihamishwa, naye amekwisha, maana alijenga nyumba yake juu ya nguzo moja. Anayependwa kwa haki hutazama pande zote. Salamu yake kwa mkurugenzi na salamu yake kwa mfagizi zinafanana. Huo ndio uungwana, na uungwana ni vitendo.

Vitendo vyenyewe ni vipi? Havihitaji fedha wala kozi. Msalimu mtu kabla hujamtuma. Mwenzako akikosea, mkosoe faraghani, na akifanya vema, msifu mbele ya watu. Ukisifiwa kwa kazi mliyoifanya wawili, mtaje wa pili. Ukiulizwa, fundisha, usitie na ngebe. Usipokee majungu, maana anayekuletea ya fulani atampelekea fulani yako. Na ukitakiwa kufanya jambo usiloliweza au lisilo halali, kataa kwa adabu na utoe sababu. Neno "hapana" lenye sababu na heshima halimpotezei mtu mapenzi ya wenzake. Mara nyingi humwongezea heshima, kwa sababu watu huanza kuamini kwamba hata "ndiyo" yake ni ya kweli. Na haki yako ya mshahara idai, kwa takwimu za kazi uliyoifanya. Anayedai kwa hesabu hawezi kuitwa mkorofi.

Hayo ni ya mfanyakazi. Sasa nina neno kwa wakubwa, maana wao ndio washika kalamu.

Ndugu mkuu wa idara, hakuna ubaya kumpenda mfanyakazi wako. Wewe ni binadamu. Ubaya ni kuyageuza mapenzi yako kuwa kipimo cha kazi. Zamani katika utumishi wa umma mkubwa alijaza taarifa ya siri ya kila mwaka juu ya mtumishi, na mtumishi mwenyewe hakuiona. Mtu angeweza kukaa cheo kimoja miaka kumi bila kujua nani kaandika nini. Mwaka 2004 ulianzishwa utaratibu wa wazi, ambao mtumishi na mkubwa wake wanakubaliana malengo mwanzoni mwa mwaka, kisha wanakaa pamoja kuyapima. Katika miaka ya karibuni utaratibu huo nao umepisha mwingine unaotumia kompyuta, lakini msingi wake ni ule ule: mtu apimwe kwa kazi, na ajue kipimo.

Kadhalika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa mapema na ashauriane juu ya sababu, na pia juu ya njia ya kuwachagua watakaopunguzwa. Sheria hii isingeweza kumfanya yule bingwa wetu wa masijala apendwe. Lakini ingemlazimisha mkuu wake aeleze kipimo alichotumia, na pengine mtu mmoja katika kikao angeuliza, "Je, majalada atayajua nani?"

Hata hivyo tusijidanganye. Hakuna sheria wala kompyuta itakayoondoa kabisa jambo hili. Nafasi moja ikiwa na watu wawili wanaolingana kwa ujuzi, atachukuliwa yule ambaye watu wanataka kukaa naye chumba kimoja. Hata mimi na wewe tungefanya hivyo. Kwa hiyo mkubwa ana wajibu wa kuuliza kwanza, "Kazi yake ikoje?" kabla ya kuuliza, "Namwonaje?" Na mfanyakazi ana wajibu wa kutowafanya wenzake waione kazi yake kama tunda lililo juu ya mti wa miiba.

Namalizia kwa kurudi kwa makarani wetu wawili. Yule aliyebaki aliniambia jambo ambalo sijalisahau. Mara ya kwanza alipokwenda nyumbani kwa mwenzake alikwenda kwa hofu, akitazamia kufukuzwa. Yule bwana alimkaribisha kiti, akaagiza chai, akachukua karatasi na kumchorea jinsi majalada yalivyopangwa rafu kwa rafu. Alimweleza taratibu, akarudia pale alipotatizwa, wala hakumwuliza hata mara moja kwa nini hajui.

Kumbe uungwana alikuwa nao siku zote. Ila kila asubuhi alipotoka kwenda kazini, aliuacha nyumbani.

Ndugu msikilizaji, kesho asubuhi utakapofunga mlango wako kwenda kazini, hakikisha umechukua funguo, nauli, na uungwana wako.